Pointi Tatu za Mwenyeji

Jumamosi, 8 Novemba 2014

Likizo zimetoka! Mister Philip, supavaiza wetu, mtu wa Kerala, India, alikuja lindoni asubuhi na karatasi mkononi. Chumba chetu kimepewa nafasi tatu: Desemba, Machi na Juni. Tugawane wenyewe, akasema, majina ayapate kabla mwezi haujaisha, mafi mushkila, hakuna tatizo. Dominiko, Mganda wetu, kachukua Juni papo hapo. Anadai Desemba kwao ni kulisha wageni tu. Imebaki Desemba na Machi. Tumebaki mimi na Ronny.

Desemba lazima iwe yangu. Mwanangu Chelsea anabatizwa tarehe 28. Ubatizo umeahirishwa mara mbili kunisubiri, na mchungaji amemwambia mke wangu Damaris kwamba hakuna mara ya tatu. Nilimwacha mtoto na miezi mitano. Sasa ana miaka mitatu na nusu. (Likizo ya mwaka juzi niliikosa kwa sababu ambazo si za kuandikwa hapa.)

Je, nimemweleza Ronny haya? Sijamweleza. Ronny ana miaka ishirini na sita, hana mke, hana mtoto, ana viatu jozi saba. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja. Sisimami katikati ya chumba kuomba huruma kwa mtu wa viatu jozi saba. Nikasema tushindane. Ronny akasema poa, buda.

Dominiko kajifanya jaji. Kandanda ya Uingereza kaipiga marufuku, kwa kuwa mwaka jana mimi na Ronny tulinuniana wiki mbili kwa penalti moja. Kamari ya pesa nayo hapana, hapa Doha inakurudisha kwenu bila hata sanduku. Basi tutabashiri mchezo ambao hakuna anayeujua: ule mpira wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai. Mechi nane kila wiki, wiki tatu. Mwenye majibu mengi sahihi anachukua Desemba.

Hawajui wanashindana na nani. Hesabu nilipata A.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata siri! Wataalamu wa kamari hawabashiri kwa moyo. Kila timu wanaipa alama ya nguvu. Nimesoma ukurasa mzima kwenye simu wakati wa chai, nikaurudia chooni.

Mfumo wangu ni huu. Kila timu inaanza na mia. Ikishinda kwa pointi nyingi kuliko ilivyotarajiwa, inaongezwa kidogo. Ikishinda kwa pointi chache kuliko ilivyotarajiwa, inakatwa, hata kama imeshinda. (Hapo nilishangilia. Ni haki tupu.) Timu mbili zikikutana, unatoa alama ya hii kwa ya ile, halafu mwenyeji unamwongezea tatu, maana yuko kwao, amelala kitandani kwake na amekula chakula cha mama yake. Jibu ndilo pengo la ushindi.

Majina ya timu yananichanganya, kwa hiyo nimezipa yangu kufuatana na kofia. Dubu. Farasi. Tai. Pomboo. Fahali. Nimenakili matokeo ya wiki tisa zilizopita, mstari kwa mstari. Mwenyeji ni yule anayetajwa kwanza, hilo hata mtoto wa nasari analijua.

Ronny alichagua timu zake kwa dakika nne akiwa anakata kucha. Nilimuuliza anafuata kigezo gani. Akasema rangi. Nilimhurumia kabisa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mimi sita, Ronny nne! Sita kwa nane! Mechi zinachezwa huko usiku wakati sisi tumelala, unaamka unakuta matokeo yamekaa kwenye simu. Nilipiga mswaki nikiimba. Dominiko akauliza kama nimepandishwa cheo.

Nilitaka kumwambia mtu. Nilisimama lindoni saa kumi na mbili nzima, hapo mapokezi ya jengo letu la West Bay, watu mia tatu wakanipita. Kila mmoja nilimfungulia mlango. Mister Rodney wa ghorofa ya kumi na tisa ni Mmarekani, na kila Jumatatu anaingia ama amenuna ama anapiga mluzi. Leo alinuna. Nadhani anafuatilia mchezo huohuo. Ningeweza kumuuliza. Lakini mtu wa mfumo hahitaji maoni ya watu.

Jioni nilimpigia Damaris nimweleze habari za sita kwa nane. Alikuwa anakamua ng'ombe.

Jumatano, 12 Novemba

Balaa. Kitabu cha matukio cha lindo na daftari langu la alama vinafanana rangi. Jana mchana niliandika hesabu zangu mahali pasipo pake.

Mister Philip kaniita. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Alisoma kwa sauti: Dubu wanakuja Jumapili, nguvu mia moja na nne. Farasi wamedhoofika. Akauliza Dubu ni nani, wanakuja wangapi na nani aliwapa kibali cha kuingia. Nikasema ni mazoezi ya tahadhari, sir. Ninajipima kama niko macho. Kisha akasema good, good, lakini kitabu ni cha matukio yaliyotokea, not same same.

Imebidi nikae naye nusu saa nyingine anifundishe upya kujaza kitabu cha matukio. Nimekijaza kwa miaka mitatu. Ronny alikuwa nyuma ya mlango wa kioo, mabega yanamtikisika.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya mapumziko. Dominiko alienda kanisani na kwaya yake, maana huku ibada ni Ijumaa. Ronny alienda kucheza kandanda na vijana wa Lusail. Aliniuliza kama nitakuja. Nikasema nina kazi. Aliniuliza tena akiwa mlangoni, na kuuliza nitafanya nini siku ya Krismasi kama nitapata Desemba. Nikajibu nitapumzika. Alisubiri kidogo kana kwamba kuna sentensi nyingine inakuja. Haikuja, akaenda.

Nilikaa chumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na alama zangu. Vitanda vitatu, na kimoja tu kina mtu. Saa nane nilitembea hadi dukani kwa Mbangali kununua kalamu, nikakaa kwenye kaunta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alidhani ninataka kukopa.

Saa kumi nilipiga simu nyumbani. Damaris alimpa Chelsea simu. Nilimuuliza anajua ninayezungumza naye ni nani. Akasema ni yule wa kwa simu. Damaris akamsahihisha haraka, sema ni baba. Mtoto akasema baba wa kwa simu. Nilicheka, na Damaris akacheka. Nilimwambia Damaris asiwe na wasiwasi, Desemba iko mkononi. Akauliza kama jina langu limeshaandikwa. Nikamwambia kuna mfumo.

Ninampenda sana huyo mtoto ambaye hanijui. Nimerudi kwenye hesabu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nina mpango wa hatari. Nimegundua Ronny anachungulia daftari langu. Jana niliacha unywele juu ya jalada, leo haupo. (Labda ni feni.)

Basi nimemtegea. Nimeandika karatasi ya uongo, safi, kwa wino mwekundu. Katika kila mechi ya wiki hii nimeandika timu iliyo kinyume cha ile ambayo mfumo wangu umechagua. Mfumo ukisema Tai, karatasi inasema Pomboo. Mechi zote nane. Nikaifutika chini ya mto wangu, pembe moja inaonekana. Juu yake nimeandika SIRI.

Jumapili, 16 Novemba

Ameingia! Nilijifanya nimelala, nikamwona kwa jicho moja. Ronny aliivuta karatasi, akaisoma, akamwonyesha Dominiko, wote wawili wakatikisa vichwa, akairudisha taratibu na kunifunika blanketi miguuni. Jioni alitaja timu zake nane. Ni zilezile za karatasi!

Nilitoka nje kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka jirani akafungua mlango.

Jumatatu, 17 Novemba

Mimi mbili. Ronny sita.

Nimekagua hesabu mara tatu. Karatasi ya uongo imepata sita. Mfumo wa kweli umepata mbili. Jumla sasa mimi nane, yeye kumi. Nimetafuta maelezo na nimepata moja tu: Ronny ana bahati ya ajabu, na bahati haina mfumo, kwa hiyo itaisha.

Nilimwambia hivyo. Akasema buda, si ni karatasi yako. Nilijifanya sijui anazungumzia nini.

Jumapili, 23 Novemba

Wiki nzima nimefanya marekebisho. Nimeongeza alama ya baridi, alama ya safari ndefu, na alama ya huzuni kwa timu zilizofungwa mara mbili mfululizo. Na ile faida ya mwenyeji nimeipandisha kutoka tatu hadi tano. Ninaiamini sana hiyo.

Daftari la kwanza limejaa. Dominiko alipika posho, ugali wa kwao, na maharagwe akaniita mezani mara mbili. Nilipokuja chakula kilikuwa kimepoa na wao wameshaondoka kwenda kutembea ufukweni, Corniche. Walikuwa wameniachia sahani imefunikwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Mimi tatu. Ronny tano.

Jumla kumi na moja kwa kumi na tano. Desemba imeenda.

Ronny hakushangilia, na hilo liliniudhi zaidi. Nilimpa mkono, nikamwambia hongera bwana, nikaenda kuoga kwa muda mrefu. Nitamwambia nini Damaris? Nilisimama chini ya maji mpaka Mnepali wa chumba cha pili akagonga.

Jumanne, 25 Novemba

Siamini ninachoandika.

Nilikuwa mapokezi, daftari wazi, ninatafuta kosa. Mister Rodney akashuka kuchukua kifurushi. Akaona. Nilifunika kwa kofia yangu ya kazi, lakini tayari alikuwa ameinama. Akauliza kwa upole kama hizo ni alama za nguvu. Nikakiri. Akageuza kurasa, akanisifu, akasema hesabu ni safi. Halafu akauliza kwa nini nimewapa wageni faida ya wenyeji.

Nikasema mwenyeji anatajwa kwanza.

Akasema kwao mgeni ndiye anayetajwa kwanza. Mwenyeji ni wa pili. Ni hivyo katika kila orodha, kila gazeti, tangu azaliwe.

Nililazimika kukaa, na lindoni hatukai. Msimu mzima! Wiki zote nilizonakili! Kila timu iliyolala hotelini nimeipa tatu, na wiki ya mwisho nikaipa tano!

Mister Rodney aliona nimebadilika uso, akanishika bega. Akasema ofisini kwake hakuna hata mmoja anayejali huo mchezo. Huwa anaamka peke yake usiku kuutazama, asubuhi hana wa kumsimulia. Akauliza jina langu. Miaka mitatu ninamfungulia mlango. Nikasema Nahashon. Akasema angefurahi tukiwa tunazungumza kila Jumatatu, yeye ananipa habari za wachezaji na mimi ninampa alama zangu.

Nami nilikuwa nimeshaanza kurekebisha safu ya kwanza. Nikasema okay sir. Akachukua kifurushi chake, akapanda lifti.

Jumatano, 26 Novemba

Mambo mengi leo. Niandike kwa utaratibu.

Ronny alikuja kitandani kwangu na kukaa miguuni. Dominiko kamwambia. Dominiko analala kitanda cha juu yangu na husikia kila simu ninayopiga. Ronny akauliza kama ni kweli kuna ubatizo. Nikasema upo. Akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikasema halikuwa jambo la mfumo. Akasema, mzee, chukua Desemba. Yeye ataenda Machi, hana haraka, Krismasi kwao Kakamega itakuwepo na mwaka kesho. Mister Philip anafunga orodha kesho saa kumi jioni, kabla ofisi hazijafungwa kwa wikendi. Twende wote tukabadilishe majina.

Nilikaribia kulia, naandika ukweli.

Lakini! Nilikuwa na daftari jipya mapajani. Wiki zote nimezipiga upya, mwenyeji mahali pake. Na kesho usiku kuna mechi, Fahali wakiwa nyumbani dhidi ya Tai. Mfumo mpya unasema Fahali kwa pointi tano. Nichukue likizo ya bure, niishi maisha yangu yote Ronny akijua kwamba alinihurumia? Nikamwambia nashukuru sana, ila nitaichukua kwa haki. Mechi moja. Nikishinda, Desemba yangu. Nikishindwa, yake.

Ronny akasema lakini orodha inafungwa saa kumi na mechi ni usiku. Nikasema Mister Philip ni mtu mwelewa, tutabadilisha Ijumaa. Akanisihi. Akasema yeye hata hataki kubashiri. Nikamwambia basi yeye amechukua Tai. Dominiko alisema jambo kwa Kiganda akageukia ukutani.

Ijumaa, 28 Novemba

NIMESHINDA! Fahali kwa pointi sita! Mfumo ulisema tano! Katika dunia nzima ni wangapi wamekaribia hivyo?

Nilimwamsha Ronny, nikamwamsha Dominiko, nikaruka ngazi mbili mbili. Nilimkuta Mister Philip kituoni anangoja basi la kwenda kanisani, na mke wake na Biblia. Nikamweleza kila kitu: Fahali, Tai, mwenyeji wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, my friend, khalas, imekwisha. Jana saa kumi alituma orodha. Saa kumi na moja kibali cha kutoka nchini kilitiwa sahihi kwa jina la Ronny, tiketi ya Ronny imeshakatwa. Hakuna kubadilisha. Mimi ni Machi, tayari nimeandikwa, nisubiri tu nisifanye kitu chochote.

Basi lao likaja. Mke wake alinitazama kupitia dirisha mpaka likakata kona.

Ila nilishinda. Hilo limeandikwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimemwambia Damaris. Alisikiliza. Akauliza swali moja: Baba Chelsea, yaani Ronny alikupa, ukakataa? Nikaanza kumweleza kwamba kwa Wamarekani mgeni anatajwa kwanza. Mtandao ukakatika. Nilipiga mara nne na mtandao ulikuwa bado umekatika.

Ijumaa, 19 Desemba

Ronny ameondoka. Nilimbebea sanduku hadi teksi. Nilimpa gauni jeupe la Chelsea ampelekee, nililinunua kwa kukisia urefu. Amesema hatalituma kwa basi, atafika mwenyewe hadi Ol Kalou na atakaa kanisani kwa niaba yangu. Nikamwambia asijisumbue. Akasema mzee, nyamaza kidogo.

Kitanda chake kimetandikwa. Jozi moja ya viatu imebaki chini yake.

Jumapili, 28 Desemba

Mister Philip amenipa saa nzima ya mapumziko bila kuuliza. Ronny alipiga simu kanisani na kuiacha wazi. Nilishuka kwenye ngazi za dharura za ghorofa ya chini, hakuna anayepita pale.

Nilisikia kila kitu. Nilisikia mchungaji akiuliza jina, na Damaris akisema Chelsea kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi. Nilisikia maji. Mtoto hakulia. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga makofi kwenye ngazi.

Baadaye Ronny akampa Chelsea simu. Nikasema hongera mama, ni baba. Akamuuliza mtu, baba ni huyu au yule wa kwa simu? Nikasikia Ronny akisema haraka mimi hapana, mimi ni anko, baba yako ndiye huyu. Akasema haya. Halafu akaomba abebwe tena mabegani, na nikasikia akicheka kicheko kirefu kinachoenda mbali na simu. Gauni limemkaa sawa, Damaris amesema. Ni sentensi ya kwanza aliyoniambia kwa wiki nne. Nimelia. Nilifuta uso kwa tai ya kampuni, nikarudi mapokezi.

Jioni chumba kilikuwa kimya kupita kiasi. Tulipokuwa tunashindana, angalau kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kuniuliza mfumo umeamkaje. Dominiko alikuwa anapiga pasi shati la kwaya. Nikamuuliza kama anajua kwamba sasa timu bora ndizo zinabaki na mechi zinakuwa tamu zaidi. Akasema hajui na hataki kujua. Nikamwambia inahitajika kitu kidogo tu cha kushindania ili mtu asikie ladha. Akasema yeye ana Juni yake na ametosheka. Nilimzungukia karibu saa nzima, maskini, mpaka pasi ikaunguza kola. Mwishowe akakubali ili nimwache alale.

Mechi moja. Juni yake dhidi ya Machi yangu. Mwenyeji nimemhakiki mara mbili. Mfumo unaipa timu yangu pointi saba na nusu, sijawahi kuona pengo zuri namna hiyo. Nikishinda nitakuwa na zote mbili.

Nimemtumia Damaris ujumbe. Amwambie mtoto baba anakuja Machi, ni hakika.